Viatu vya Sponji

Jumanne, 2 Agosti 1955

Nimepata! Leo dada wa simu wa ofisi ya kugawa kazi za sinema hakuniambia "hakuna kazi, piga baadaye." Alisema gauni la jioni, mtandio wa manyoya, ufike mapema. Nusura niibusu simu.

Picha ni ya muziki. Mapenzi, vichekesho, matajiri watupu. Tajiri wa meli anamwoza binti yake kwa tajiri mwenzake, roho ya binti iko kwa mpiga kinanda wa bendi ya harusi, na kila wanaposhindwa kuambiana wanaimba. Sisi watu wa nyuma ni wageni waalikwa kwenye jumba la mbao lililojengwa humu studioni. Tunacheza dansi, tunainua glasi za soda ya tangawizi na kujifanya shampeni imetukolea. Gauni ni langu mwenyewe, lile la buluu. Ndiyo maana tunaitwa sisi. Usipokuwa na nguo za tajiri hawakuiti uje kuwa tajiri, na ukiwa nazo unalala na supu ya kopo ili uzitunze. Nicheke au nilie?

Clarence Ebbets naye yupo, na koti lake la mikia, lile jeusi la dhifa. Kwapani limeshonwashonwa hadi linasikitisha, lakini kamera haioni kwapa. Gus, msaidizi wa mwongozaji, alituunganisha bila hata kuuliza. "Nyie wawili, kama kawaida, karibu na ngazi. Na msinipigie kamera kumbo."

Nyota wakianza kuzungumza, muziki unakatwa. Zinatakiwa sauti zao tu. Sisi tunaendelea kucheza kimya, vipande vya sponji vimebandikwa chini ya viatu, midomo inakwenda bila sauti. Wengi hutaja vitu vya sokoni tu — viazi, karoti, viazi, karoti — na kwenye picha unaonekana unazungumzia safari ya Paris. Clarence hafanyi hivyo. Yeye huniambia mambo, na mimi miaka yote hii nimejifunza kuisoma midomo yake kama gazeti.

Leo ilisema: Verna, tuoane. Tumehudhuria harusi za watu vya kutosha.

Na mimi siwezi kutoa sauti! Nyota wetu pale katikati anamwambia mpiga kinanda eti hampendi, na mimi moyo unapiga hadi nikaogopa utasikika kwenye mashine ya kunasa sauti.

Baadaye, kwenye foleni ya kahawa: "Umenisikia?"

"Nitasikiaje? Hukutoa sauti."

"Basi nijibu vivyo hivyo. Siku yoyote, kabla hawajalibomoa hili jumba la mbao."

Nikacheka kama msichana. Umri huu! Opal, ambaye hucheza nyuma yetu na masikio yake yako kila mahali, akauliza kuna nini. Nikamwambia viazi na karoti.

Jumatano, 3 Agosti

Doreen amepiga simu. Wakwe zake watarajiwa wanatuandalia sherehe ya uchumba Jumamosi jioni, nyumbani kwao Pasadena. Wale Prewitt wenye mashamba ya machungwa. Mwanangu anaolewa kwenye nyumba yenye ngazi mbili, moja ya watu na moja ya watumishi!

"Mama, njoo tu kama ulivyo," akasema. "Na ukitaka mje na mjomba Clarence, mje."

Nikasema tutaona.

Mchana Clarence akaniuliza Jumamosi nafanya nini. Labda siku hiyo angenikuta nina jibu la ombi lake, akasema, halafu akajifanya anatazama dari. Nikamwambia kuna kajishughuli ka familia. Ka familia tu. Sikusema zaidi. Akasema sawa, hata yeye Jumamosi ana kibarua mahali, alitaka kukiacha kama ningekuwa na nafasi. Basi hatakiacha.

Nilipumua. Hilo ndilo linanisumbua sasa nikiandika — nilipumua. Mtu ameniomba tuoane na mimi nafurahi kwamba Jumamosi hataonekana karibu yangu. Ni lile koti. Ni ule mzaha wake wa kumwita kila mwanamke "binti mfalme." Ni jinsi anavyokunja leso ya karatasi na kuitia mfukoni akatumie baadaye.

Na mimi hufanya vivyo hivyo.

Ijumaa, 5 Agosti

Gus ametuonya wote. Ukishapigwa picha pale karibu na ngazi, umewekwa pale. Wiki ijayo yote unarudi pale pale, gauni lile lile, mwenzio yule yule, vinginevyo watu sinemani wataona tajiri anabadili nguo katikati ya wimbo. "Ole wake atakayeivaa nguo ya picha kwenda nayo kwenye keki na mvinyo," akasema. Mimi nikatikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote.

Sasa gauni liko kitandani, nimelipiga pasi. Yale mengine mawili si ya kwenda Pasadena.

Nimejaribu mbele ya kioo: Marehemu mume wangu alikuwa kwenye biashara ya mbao, Oregon. Si uongo. Marehemu Ray aliendesha lori la mbao. Lilikuwa kwenye biashara ya mbao, na yeye alikuwa ndani ya lori.

Jumapili, 7 Agosti

Sijaenda kanisani. Siwezi kukaa karibu na watu wema leo.

Niandike. Nisipoandika nitajidanganya kufikia Jumanne.

Nyumba ni nzuri kama nilivyoiogopa. Bustani, taa ndogondogo mitini, bendi chini ya hema. Nikashuka kwenye gari la Win, mchumba wa Doreen — kijana mwenyewe alinifuata, mpole, masikio makubwa, anampenda mwanangu hadi anajikwaa — na jamani, mwanzoni nilikuwa hodari! Kutembea najua. Kushika glasi najua. Nimeingia kwenye majumba kama yale maisha yangu yote, tofauti ni kwamba yale hayana ukuta wa nyuma.

Kisha Bwana Prewitt akaja, mzee mnene mwenye kicheko, akaniuliza nimeionaje California mwaka huu na joto lake. Bendi ilikuwa inapiga, watu wanazunguka, taa zinawaka. Nikamgeukia, nikatabasamu, nikaweka mkono kifuani, nikamjibu kirefu — bila sauti! Midomo mitupu! Mazoea. Mungu wangu! Nilifika hadi karoti ndipo nikaona uso wake.

Akainama. "Samahani, sikio langu hili moja limekufa. Njoo huku upande mwingine." Maskini hata hakungoja, akahamia mwenyewe upande wangu wa pili, akatega sikio zima, nikasema kwa sauti kwamba joto ni kali. Akasema kweli ni kali. Nilihisi masikio yangu yanaungua.

Hilo lingeisha likawa kichekesho. Natamani lingekuwa ndilo peke yake.

Bi. Prewitt alinishika mkono, mwanamke mrefu, mwembamba, lulu shingoni. Akaanza: "Doreen anatuambia mambo mengi kuhusu wewe. Nimekuwa nikikungoja nikuulize kuhusu—" Nikamkata. Nikaogopa swali kabla halijafika. Nikatema yote ya kioo: marehemu, mbao, Oregon, tuliishi kwa utulivu, sasa naishi kwa alichotuachia, siku hizi sijishughulishi na mengi. Akanitazama kidogo. Akasema, "Ahaa." Tu.

Na hapo sinia ikafika pembeni yetu. Glasi za mvinyo mwekundu, mkono wenye glovu nyeupe, mkono wa koti jeusi. Kwapa limeshonwa.

Kibarua chake! Wenye koti la mikia hukodiwa pia kupitisha vinywaji. Nilijua. Wote tunajua.

Uso wake ulifunguka wote. "Verna! Binti mfalme! Kumbe kajishughuli ni haka?"

Na mimi nikasema — naandika kama nilivyosema — nikasema, "Nadhani umenifananisha."

Sikusema kwa hasira. Nilisema kwa sauti ile nzuri, ya juu, ya mke wa mwenye benki. Nilichukua glasi bila kuitazama, mvinyo ukamwagika kwenye pindo la gauni. Yeye alitazama doa, hakunitazama mimi. Akasema, "Samahani, bibi." Akaondoka na sinia bila kutikisa hata glasi moja.

Laiti ingeishia hapo. Doreen akatoka ndani, akamwona Clarence katikati ya bustani, akapiga kelele: "Mjomba Clarence!" Akamrukia shingoni, sinia na yote, mbele ya Pasadena nzima. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Huyu ndiye aliyekuja hospitalini siku Ray alipofariki akakaa na mtoto wakati mimi nalia.

Bi. Prewitt akamuuliza Clarence, kwa upole tu: "Basi mnafahamiana na familia?"

Akasema: "Na binti tu, bibi. Mama yake sijawahi kupata heshima ya kukutana naye."

Alinifunika. Nilimkana na yeye akanifunika, papo hapo, kama unavyomfunika mtu shuka. Doreen akamtazama yeye, akanitazama mimi, na kile kicheko kikamtoka usoni polepole. Hakuniaga nilipoondoka. Win alinirudisha, njia nzima anazungumzia machungwa.

Nimefua pindo kwa chumvi, kwa siki, kwa maziwa. Doa lipo.

Jumatatu, 8 Agosti

Karibu na ngazi, gauni lile lile, mwenzangu yule yule.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Angenigombeza ningeshukuru. Alinisalimia kama anavyosalimia wengine, "Habari za asubuhi, Verna." Hakuna binti mfalme. Akanishika kiuno, kwa adabu, kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

Na kila tulipozunguka nikaona tunazunguka vibaya. Hatufuati zile hatua za wiki iliyopita. Kila kamera ilipogeukia upande wetu aliniingiza ndani, mguu wake ukapita mbele ya pindo langu. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa analificha doa! Siku nzima, bila neno, ananizungusha doa likae upande wa giza, Gus asilione, nisifukuzwe.

Nililia wakati wa chakula, kwenye choo cha wanawake, mdomo kwenye mtandio wa manyoya.

Opal akabisha mlango. "Shoga, unalilia nini humo? Kama ni manyoya yanakuwasha, yavue!"

"Nimemkana Clarence mbele ya watu," nikasema kupitia mlangoni. Lilitoka lenyewe.

Akaacha kubisha. Opal! Kisha: "Watu gani?"

"Matajiri."

"Wa kweli au wetu?"

"Wa kweli."

"Loo." Nikasikia anajiegemeza mlangoni. "Mimi wangu walikuwa wa bandia na bado nilimkana dada yangu. Toka unawe uso."

Jioni hii Doreen amepiga simu. Hakusalimu.

"Mama, wanajua. Niliwaambia tangu siku ya kwanza nilipokanyaga nyumba ile. Kwamba mama yangu anacheza kwenye picha, yuko nyuma pale, ukiangalia vizuri unamwona. Bi. Prewitt anapenda sinema kuliko kanisa. Picha nyingine amekwenda kuziangalia tena kukutafuta wewe! Alikuwa anangoja kukuuliza, na wewe ukamwambia habari za mbao."

Nikazungusha waya wa simu kidoleni.

"Mimi sijawahi kukuonea aibu, Mama. Hata siku moja. Ile ya Jumamosi ndiyo ya kwanza."

Akakata simu. Kwa hiyo nilidanganya watu wanaojua. Nilimkana mtu wangu bure. Hata ingekuwa na faida ningekuwa mwovu, lakini walau ningekuwa mwovu mwenye akili.

Jumatano, 10 Agosti

Jana niliogopa. Leo nimejaribu.

Muziki ulipokatwa nikamtazama Clarence usoni na nikasema kwa midomo: Nisamehe. Polepole, wazi, asikose herufi. Nisamehe, Clarence.

Yeye anaisoma midomo yangu vilevile ninavyoisoma yake. Najua aliona. Jicho lake la kushoto hutikisika akiona.

Midomo yake ikaenda. Nikasoma.

Viazi. Karoti. Viazi. Karoti.

Kwa tabasamu zuri kabisa, la kamera.

Hajawahi kunitajia viazi. Hata siku tuliyogombana kuhusu redio. Hata siku alipokuwa na jino bovu na shavu limevimba, alinielezea jino lote kwa midomo hadi nikakaribia kuharibu picha kwa kicheko. Leo nimekuwa mtu yeyote tu wa kucheza naye.

Nilijaribu tena kwenye foleni ya kahawa, kwa sauti, nikasema Clarence, lile la Jumamosi. Akasema, "Limepita, Verna. Kahawa inapoa." Akaniachia nafasi yake mbele.

Doreen ametuma salamu kupitia kwa mwenye nyumba. Kesho Bi. Prewitt anakuja kutazama picha ikipigwa, Bwana Prewitt anajuana na mkubwa mmoja wa studio, na Doreen atakuwa naye. Kesho ni siku yetu ya mwisho karibu na ngazi. Mafundi wameshaanza kubomoa ukumbi wa kifungua kinywa upande wa pili, leo nzima nyundo zinalia tukisubiri.

Kabla hawajalibomoa hili jumba la mbao, alisema.

Alhamisi, 11 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango mkubwa wa studio, kwenye jua, na manyoya shingoni kama kichaa. Gus amesema nikae hapa nisisogee hadi atakapojua anifanye nini. Mwandiko mbaya, si neno.

Niseme kwa mpangilio.

Wageni walikuja baada ya chakula. Wakawekwa viti nyuma ya kamera. Bi. Prewitt amevaa kofia ndogo ya kijani, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto kwenye sarakasi. Aliponiona akanipungia! Mimi, niliyemtupia mbao za Oregon! Doreen hakupunga. Doreen alikuwa anamtazama Clarence.

Tukawekwa mahali petu. Gus akasema hii ndiyo ile kubwa, nyota wanaambiana kwamba wanapendana, atakayekohoa atakohoa hadi nyumbani kwake. Muziki ukaanza, tukaingia, muziki ukakatwa. Kimya. Umati mzima wa watu wanazunguka kwa sponji na husikii kitu, unasikia magauni tu.

Clarence akanigeuza, mguu wake mbele ya pindo langu. Hata leo! Na midomo: viazi, karoti.

Nyota wetu akaanza kusema. Sauti nzuri, laini. Alikuwa anamwambia mpiga kinanda kwamba hajali watu watasema nini. Anasema hivyo analipwa. Na nikafikiri, mimi nilimkana huyu mtu kwa sauti. Kwa sauti kubwa, nzuri, ya watu kusikia. Na msamaha ndio nauomba kwa midomo mitupu? Na ile ndiyo yangu nayo nitaisema kichinichini kwenye foleni ya kahawa?

Nikasema. Kwa sauti. Nikasema:

"Clarence Ebbets, nakufahamu. Ninakufahamu kuliko mtu yeyote hapa duniani, na nilisema uongo, na jibu langu ni ndiyo kama bado unalitaka."

Loo! Kile kimya chote kilinirudia. Nyota akaacha sentensi katikati. Mtu wa sauti akavua vile vitu vyake masikioni kama vimemng'ata. Gus: "Kata! Kata! Nani? Ni NANI?" Na mimi nikainua mkono, kama shuleni. Mama mzima wa gauni la buluu, mkono juu, na doa sasa linaonekana na kila mtu, maana Clarence alikuwa amesimama.

Alisimama tu. Aliniachia kiuno. Hakusema neno, wala kwa sauti wala kwa midomo, nilitazama midomo yake na haikusogea. Akaangalia viatu vyake.

Nilimwona Doreen amesimama, mkono mdomoni. Bi. Prewitt kamshika kiwiko. Sijui kama lile lilikuwa jambo jema au baya usoni mwao, taa zilikuwa zinanipiga machoni.

Gus akanipeleka hadi mlangoni. Hakupiga kelele tena, na hilo liliniogopesha zaidi. "Verna," akasema, "wewe? Kwa miaka yote hii hata chafya hujawahi kunipigia." Akafunga mlango.

Basi niko hapa. Naona aibu, ndiyo. Nimeharibu kazi ya watu, na dada wa simu huenda asiniambie tena hata "piga baadaye." Lakini si aibu ile ya Jumamosi. Ile ilikuwa inanila kwa ndani kimyakimya. Hii iko nje, kila mtu anaiona, naweza kukaa nayo benchini.

Ndani nyundo hazijaanza. Kwa hiyo bado hawajamaliza. Kwa hiyo jumba bado liko.

Mlango. Umefunguka, umejifunga.

Si Gus. Viatu vya Gus vinalia tangu mbali. Si Doreen wala Bi. Prewitt, wote wana visigino. Mtu anakuja hapa kwenye zege na sisikii hatua hata moja. Ni mmoja wetu, mwenye sponji chini ya viatu. Anaweza kuwa Opal, amekuja kunichota habari.

Kivuli kimefika kwenye ukurasa huu, juu ya mkono wangu. Kimesimama. Naandika ili nisiinue macho. Opal angeshasema kitu